Mbwa wa Siku ya Sitini na Tatu

Manasseh Angwenyi aliumwa na mbwa mahali ambapo mkwe mwenye adabu hawezi kupataja, tena kwenye boma la wakwe zake, tena akiwa ameinama. Ilikuwa Jumatano, tarehe ishirini na tatu Februari, mwaka wa 1972, saa kumi jioni. Saa tunaijua kwa sababu Manasseh alikuwa karani, na karani hata akitafunwa huangalia saa kwanza, kilio baadaye.

Alikuwa amewapelekea wakwe mkungu wa ndizi, ameaga vizuri, amefika langoni, kiatu kimoja kikakwama kwenye tope. Akainama kukivuta. Nyuma yake akaja Gavana, mbwa wa mama mkwe, bila kubweka, bila hata kunguruma. Gavana alipewa jina hilo enzi za ukoloni, na Uhuru ulipokuja hawakumbadilisha jina kwa sababu tabia ilikuwa ile ile.

Sasa mtu mwingine angekimbia kwenye kituo cha mifugo kuandikisha. Manasseh asingeweza kukimbilia huko, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiandikisha.

Kituo chenyewe kilikuwa juu ya Nyaramba, chumba kimoja cha mabati katikati ya mashamba ya chai, na ndani yake kulikuwa na makasha mawili ya mbao. Kasha la kwanza lilikuwa la kadi za watu walioumwa. La pili lilikuwa la kadi za mbwa waliouma. Kadi ya mtu haikueleza habari za mbwa, na ya mbwa haikueleza habari za mtu. Kilichowaunganisha ni namba moja ya wino mwekundu, juu kulia. Ukitaka kujua nani kamtafuna nani, unatafuta namba katika kasha hili, kisha unaitafuta katika kasha lile. Utaratibu huo aliubuni Manasseh mwenyewe, na Bwana Mifugo, mkubwa wake, alikuwa akileta wageni kuutazama kama watu wanavyopelekwa kutazama maporomoko.

Sheria ya kichaa cha mbwa ilikuwa fupi. Mbwa akimuuma mtu, anafungwa siku kumi. Siku kumi zikitimia na bado anakula na kubweka, mtu aende zake, hana neno. Mbwa akifa, akiuawa au akipotea kabla ya siku kumi, mtu anapelekwa hospitali mjini Kisii akadungwe sindano kumi na nne, za tumboni, moja kila siku.

Shida ilikuwa kuhesabu. Kutoka Jumatano hadi Jumatano watu wengine walipata siku saba, wengine nane, na Abner Nyasani, tarishi wa kituo, alipata tisa siku aliyokuwa na haraka. Kwa hiyo mwaka wa 1971 Manasseh alibandika ukutani jedwali kubwa la manila. Kila siku ya mwaka aliipa namba: mosi Januari ni moja, thelathini na moja Desemba ni mia tatu sitini na tano. Kwenye kadi hakuna Jumatatu wala Jumanne. "Majina ya siku ni ya mazungumzo," alikuwa akisema, "kadi inataka namba." Unachukua namba ya kifo cha mbwa, unatoa namba ya siku ya kuumwa, jibu unalo. Hata Abner aliweza.

Basi kwa nini hakujifungulia kadi? Kwa sababu kadi ilikuwa na mstari ulioandikwa "Sehemu iliyoumwa". Na kwa sababu amri ya kumfunga mbwa ilitakiwa kusomwa mbele ya mwenye mbwa, naye akaweka dole gumba. Mwenye mbwa alikuwa Drusilla Mong'ina, mama mkwe wake, mwenyekiti wa akina mama wa Dorkasi katika kanisa la Waadventista. Huku kwetu kati ya mkwe na mama mkwe kuna *chinsoni*, ile haya ya lazima: hampeani mikono, hamtazamani machoni, na habari za mwili kuanzia kiunoni kwenda chini hazipo duniani. Manasseh alipiga hesabu akaona ni afadhali kichaa.

Kemuma, mke wake, alimwosha jeraha kwa sabuni na maji moto, akicheka hadi akaweka beseni chini.

"Nenda ukaandikishe, Baba Nyanchera."

"Niandike nini? Ni mwiba."

"Mwiba wenye meno manne."

Siku zikapita, jeraha likakauka, na Manasseh akaanza kukaa kwa upande mmoja tu pale alipojisahau.

Jumatatu ya tarehe sita Machi, mchana, Kemuma alipita kituoni akitoka sokoni Nyaramba. Alisimama dirishani na kikapu chake kichwani.

"Nimekutana na mama. Anasema Gavana alikufa."

Kalamu ikasimama. "Lini?"

"Sabato usiku."

Manasseh aliinuka polepole akaenda kwenye jedwali. Sabato, Jumamosi, tarehe nne Machi. Kidole kikashuka kwenye safu ya Machi: sitini na tatu. Kidole kikarudi Februari, tarehe ishirini na tatu: hamsini na nne. Sitini na tatu, toa hamsini na nne.

Tisa.

Alitoa tena kwa penseli. Tisa. Akatoa kutoka chini kwenda juu. Tisa tu.

Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amepeleka kadi hospitali, na alipopitia wodi ya mwisho aliona mchongaji mmoja wa mawe wa kule Tabaka amefungwa kitandani kwa kamba za katani. Muuguzi alimletea maji katika kikombe cha bati. Mtu yule alikuwa na kiu, midomo imepasuka, aliyataka maji yale kama mtoto anavyotaka titi. Kikombe kilipokaribia, koo lake likajikunja lenyewe, shingo ikapinda, ikatoka sauti ambayo Manasseh hakuwa na mstari wa kuiandika. Mtu hakuwa mwendawazimu. Alikuwa akimwomba muuguzi radhi. Alikufa kesho yake asubuhi, akili timamu, akijua kila kitu.

"Baba Nyanchera, unatoka jasho."

Mezani palikuwa na mtungi wa maji na glasi. Manasseh aliitazama ile glasi. Glasi nayo ikamtazama. Alihisi koo likikaza. Lilikaza kweli, au lilikaza kwa sababu alikuwa akilisikiliza? Akameza mate. Yakashuka. Akameza tena kuhakikisha, na mara ya tatu mate yalikuwa yamekwisha, akaona ndiyo hiyo, imeanza.

"Tisa," alisema. "Zimefika tisa tu. Nimekufa, Kemuma."

Kemuma alitua kikapu, akaingia, akalitazama jedwali kwa jicho la mtu anayenunua nyanya. "Tisa zinatoka wapi? Jumanne iliyopita ilikuwa tarehe ngapi?"

"Ishirini na..."  Manasseh alikivuta kitabu cha mahudhurio. Jumanne, kwa mwandiko wake mwenyewe, sahihi yenye mikia miwili: tarehe 29 Februari.

Jedwali lilikuwa linatoka ishirini na nane Februari, namba hamsini na tisa, linaruka moja kwa moja hadi mosi Machi, namba sitini. Mwaka 1972 ulikuwa mwaka mrefu, na jedwali lilikuwa la mwaka jana. Siku nzima ya serikali, ambayo yeye mwenyewe aliifanyia kazi na kuitilia sahihi, haikuwako ukutani.

Mtu mwingine angeona aibu. Manasseh alimkumbatia mkewe mbele ya picha ya ng'ombe wa maziwa. Tarehe nne Machi haikuwa sitini na tatu, ilikuwa sitini na nne! Toa hamsini na nne: kumi! Na kwa kuwa aliumwa saa kumi jioni, na mbwa akafa usiku, ilikuwa kumi na saa za ziada. Akaishika glasi akanywa yote, maji yakamwagikia shati na kumrukia mkewe, akajaza tena.

"Sasa Sabato usiku," Kemuma akasema, akijifuta maji usoni, "ni ule usiku wa kuingia au wa kutoka?"

Glasi ikabaki hewani.

Msomaji ambaye si wa kwetu aelewe jambo moja. Kwa Mwadventista Sabato haianzi saa sita za usiku kama siku ya karani. Inaingia Ijumaa jua linapozama na kutoka Jumamosi jua linapozama. Ukimwambia mama wa Dorkasi "Sabato usiku", anaweza kuwa na maana ya Ijumaa baada ya jua kuzama, wakati Sabato ni changa. Wengine humaanisha Jumamosi, ikiwa imekwisha. Kati ya usiku huo na ule pana siku moja, na katika siku hiyo moja ndimo maisha ya Manasseh yalikuwa yamelala. Ijumaa usiku: siku tisa na saa chache, sindano, na labda kamba za katani. Jumamosi usiku: kumi kamili, mtu mzima.

"Kamuulize," alisema.

"Nilimwuliza. Alisema, 'Sabato usiku, si nimekwambia?' Akaondoka mbio na mboga zake."

Usiku ule hakulala, na asubuhi aliikataa chai kisha akaogopa kwa nini ameikataa, akainywa vikombe vitatu.

Jumanne mchana walikwenda wote wawili. Mama mkwe alikuwa jikoni, ndani, mlango wazi. Manasseh alisimama nje, nyuma ya ukuta, akiwa ametazama migomba kama inavyotakiwa. Kemuma aliketi mlangoni ili awe daraja la maneno, ingawa kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri sana.

"Mwambie mama nimemsalimu."

"Mama, anakusalimu."

"Mwambie nimesikia. Mwulize ameleta nini kwenye kalamu yake leo?"

"Mwulize kama Gavana alikufa Ijumaa au Jumamosi."

"Mwambie mbwa hana kalenda."

"Mwambie ni kazi ya serikali."

"Mwambie serikali ina mbwa wake."

 Ndani chungu kilisogezwa, kikarudishwa. Halafu sauti ya mama mkwe ikaja imeshuka: "Kemuma, nenda ukaangalie kama maji yamechemka."

"Mama, moto haujawashwa."

"Nenda."

Kemuma akaenda kusimama mbali kwenye chai. Na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa ya ndoa, Drusilla Mong'ina alizungumza na mkwe wake bila daraja, ukuta wa udongo katikati yao.

"Baba, hii habari ikifika kwa Abner mimi nimekwisha. Abner ni shemasi."

"Habari gani, Mama?"

"Gavana hakufa. Nilimuua." Alivuta pumzi. "Ijumaa. Nilikuwa nimemaliza kupika kila kitu, kuku wa Sabato yuko chunguni, jua limezama, tumeimba, tumeomba. Ilikuwa saa moja na nusu. Naingia jikoni, namkuta Gavana kichwa kimo ndani ya chungu. Kuku mzima! Nikachukua mpini wa jembe. Nilitaka nimguse tu, Baba. Sabato ilikuwa imeingia, na mimi nimeshika jembe, nimemwaga damu. Bathsheba wa jirani alisikia mlio. Kila akiniona anauliza, 'Dada, ule mlio ulikuwa wa siku gani?' Andika ilikuwa Jumamosi, Sabato imetoka. Siku moja tu. Siku moja itakuumiza nini?"

Manasseh alishika mgomba. Tisa. Siku tisa, saa tatu na nusu. 

"Mama," alisema, "aliyeumwa ni mimi."



"Wewe? Gavana alikuuma wewe? Lini?"

"Siku ya ndizi. Pale langoni. Nikiandika Jumamosi, zinakuwa kumi, na hospitali hawanidungi. Na kama alikuwa na kichaa..." Hakumaliza. Alikuwa ameona kikombe cha bati.

"Alikuuma wapi?"

Manasseh alianza kuhesabu ndizi.

"Mguuni, Mama. Juu."

"Juu wapi?"

"Juu kabisa."

Ndani ikatoka sauti ambayo Manasseh mpaka leo hajui kama ilikuwa kilio au kicheko. Ilichukua muda. Kisha mama mkwe akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeketi chini: "Andika Ijumaa. Nitasimama mbele ya kanisa. Wacha Bathsheba afurahi. Mtoto wangu hawezi kuwa mjane kwa sababu ya kuku."

Manasseh alirudi kituoni akiwa na hofu mbili, na hofu mbili hazigawanyiki, zinajumlishwa. Akikawia, kichaa kinapanda. Yule mchongaji alikuwa amekawia. Akiandika Ijumaa, mwanamke aliyekubali kuaibishwa kwa ajili yake atasimamishwa mbele ya watu mia mbili, na nusu yao watakuwa wamekuja kwa ajili hiyo tu.

Alichukua kadi ya mtu. Jina: Manasseh Angwenyi. Siku ya kuumwa: 54. Sehemu iliyoumwa: alifumba macho, akaandika. Akachukua kadi ya mbwa. Jina: Gavana. Sababu ya kifo: aliuawa kwa mpini, akiiba. Saa: moja na nusu usiku. Siku ya kifo.

Hapo akasimama. Ijumaa, tarehe tatu Machi, katika mwaka huu mrefu. Januari thelathini na moja, Februari ishirini na tisa, hizo sitini. Ongeza tatu.

Sitini na tatu.

Akaliangalia jedwali lake ukutani, lile bovu, lile la mwaka jana. Alilitazama muda mrefu. Kisha akaandika 63, wino ukikauka taratibu, na hakugusa ukuta.

Abner aliingia saa hiyo hiyo akinusa habari. Aliichukua kadi ya mbwa bila kuombwa, kama kawaida yake, akaenda nayo ukutani, akaburuta kidole.

"Sitini na tatu... sitini na tatu... tarehe nne Machi. Sabato! Saa ngapi? Moja na nusu usiku." Akahesabu kimoyomoyo. "Ah! Jua limekwisha zama. Sabato imetoka. Kumbe! Na huyu Bathsheba ananiambia eti mama Drusilla aliua Sabato imeingia. Watu wana midomo, karani!"

"Wana," alisema Manasseh. 

"Nitamwambia mzee wa kanisa namba nimeiona kwa macho yangu." Akachukua kadi ya pili. "Aliyeumwa... Manasseh nani? Wewe? Sehemu..."

Abner alitoka nje. Alisikika akicheka mpaka kwenye barabara ya Nyamira. Aliporudi macho yamelowa, alitoa hesabu kwa sauti: "Sitini na tatu, toa hamsini na nne. Tisa! Karani, wewe ni wa sindano! Pole sana, ndugu yangu. Lakini uzuri ni kwamba mama mkwe wako ni safi."

Kesho yake, hospitalini Kisii, tabibu aliyeitwa Jethro alizipokea kadi mbili, akatoa ile hesabu kichwani, wala hakuuliza ni siku gani ya wiki.

"Tisa. Na umekaa wiki mbili? Wewe karani wa mbwa?" Alitikisa kichwa. "Vua shati, lala chali."

"Alikuwa anakula, daktari. Alikula kuku mzima siku ile ile. Mwenye kichaa hawezi kumeza, si ndiyo?"

"Kichwa chake mlikileta tukipime?"

"Kilizikwa."

"Basi tunapima cha kwako. Lala."

Sindano ilikuwa ndefu kuliko alivyoieleza kwa watu wengine miaka yote ile akiwa amekaa kwenye kiti. Dawa iliingia chini ya ngozi ya tumbo ikavimba kama yai. Siku ya tano tumbo lilikuwa limejaa mayai, hapakuwa na mahali pa kuweka mkono. Siku ya tisa aliona miguu inakufa ganzi akapiga kelele, kumbe aliilalia. Siku ya kumi na nne aliuliza swali alilokuwa amelibeba.

"Sasa nimepona?"

Jethro alikuwa akinawa. "Kwa huyu ugonjwa hatusemi umepona. Tunasema haujaja. Kwa wengine unakuja baada ya miezi mitatu, mwingine nimemwona miezi minane. Mwaka ukipita, jihesabu mzima."

Kadi yake ilirudi kwenye kasha ikiwa na mstari wa mwisho, "Matokeo", mtupu. Na jedwali lilibaki ukutani mwaka mzima likisema uongo wa siku moja, kwa kuwa kulisahihisha kungemrudisha Gavana kwenye Ijumaa mbele ya macho ya shemasi. Hesabu za watu wengine hazikudhurika. Ukitoa Juni kwa Juni, kosa linajifuta lenyewe. Aliyedhurika ni karani peke yake, kila akifungua kasha anaiona namba yake nyekundu. Mafua yalimtisha. Hasira zilimtisha. Abner akibweka nyuma yake kwa mzaha, alikuwa akiangusha faili.

Tarehe ishirini na mbili Februari, 1973, Kemuma alimwambia siku mia tatu sitini na tano zimetimia, amwachilie mume wake sasa. Alikataa. Mwaka huu ulikuwa na mia tatu sitini na sita.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Saa kumi jioni aliweka kadi mezani, akafungua wino, na mkono ukakataa. Alisubiri robo saa, pengine saa ya Jethro na yake hazilingani. Akasubiri nusu. Abner alikuwa mlangoni akichezesha funguo, jua limeinama juu ya chai, yeye anataka kufika nyumbani mapema akaoge kabla ya Sabato.

"Andika twende, karani! Uko hai au hauko?"

Manasseh alijisikiliza koo. Akameza. Akaandika kwenye "Matokeo" neno moja, *Hai*, akaliangalia, akaona limejiamini kupita kiasi. Akaongeza, kwa herufi ndogo: *kufikia saa kumi na moja kasoro dakika nane*.